Msiba wa Karema

Meli ilitia nanga Karema asubuhi, na nahodha akatutangazia kwamba tutashinda pale mpaka jioni. Kulikuwa na magunia ya mchele ya kupakia, na enzi hizo Karema haikuwa na gati. Gunia lilifuatwa ufukweni kwa boti, na abiria naye alishuka kwa boti. Watu walilalamika. Nyie, watu walilalamika! Mimi peke yangu nilifurahi, na furaha yenyewe nikaificha ili wenzangu wasiniulize imetoka wapi.

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Nilikuwa nasomea uuguzi Kigoma, na jioni naimba kwenye kwaya ya parokia. Safari ile tulikuwa tunakwenda Kipili kuimba kwenye sherehe ya upadrisho. Lakini kwetu ni Mpanda, Kawajense, wakati huo bado tukihesabiwa Rukwa, na Kawajense nzima ilijua habari moja kuhusu mimi: kwamba mama yangu aliondoka nikiwa bado nabebwa mgongoni, akaenda kuolewa Karema na mfanyabiashara wa nyavu. Zaidi ya hapo hakuna aliyeniambia kitu. Bibi mzaa baba ndiye aliyenilea, na nikimuuliza habari za mama ananijibu, "Mama yako ni mimi, unataka wangapi?" Baba yeye alikuwa anachukua baiskeli yake anatoka. Malori ya kwenda Karema yalikuwepo, ila baba alishawaapia madereva kwamba atakayenipakia atamtambua. Na baba yangu akiapa, ameapa.

Kwa hiyo siku ile meli ilipotia nanga, nilijua nina siku moja, na huenda nisipate nyingine. Nilitaka kitu kimoja. Watu wanadhani mtoto aliyeachwa anataka kuuliza kwa nini. Hiyo kwa nini nilikuwa nayo, sikatai, ila niliweza kuishi nayo. Nilichotaka mimi ni huyo mwanamke anitazame usoni aniite mwanangu. Akishaniita, hata akinifukuza, nitaondoka na changu.

Kutoka kwenyewe sasa! Tulikuwa na mama mlezi wa kwaya, mwanamke wa haki lakini mkali kama pilipili, na alishatuambia kwamba tukishuka tunakwenda misheni wote pamoja, tunasali pamoja, tunakula pamoja, tunarudi pamoja. Juu ya hayo tulivaa sare. Kitenge cha bluu, kola nyeupe, kitambaa cha kichwa cha bluu hiyohiyo. Ukivaa nguo ile hujifichi popote. Nilisubiri wamefika kwenye lango la misheni, wameanza kusalimiana na masista, nikajifanya nafunga kiatu. Walipoingia ndani, nikageuka.

Nilidhani nimepata uhuru. Wapi! Mchanga wa Karema unaingia kwenye viatu, kila hatua unarudi nyuma nusu, na kila niliyekutana naye alitaka kunirudisha nilikotoka. Nilipita kwenye soko, akina mama wamepanga samaki wa ziwani, migebuka ya kubanika, na vibaba vya mchele, mmoja akaniita, "Mwanangu, umepotea? Wenzako wako kule kanisani." Nikamshukuru nikapita. Mbele kidogo mzee wa baiskeli: "Binti wa kwaya, kanisa liko nyuma yako." Nikasema najua, babu. Nikapita kwa Wakongo wanaouza vitenge, nikapita kwa fundi viatu, nikapita kwenye dagaa walioanikwa mpaka mtu anakosa pa kukanyaga, na kote huko ni kanisa, kanisa, kanisa. Khaa! Nilitamani kuivua ile sare niitupe ziwani, ila ndani yake sikuwa na nguo nyingine.

Kuuliza nako kulinishinda. Ningesema namtafuta nani? Mwishowe nikamuuliza kijana wa duka la sabuni kama kuna mtu anauza nyavu hapa. Akacheka. "Nyavu wanauza watatu, dada. Unataka nyavu za nini, mnavua kwaya?" Nikamwambia aache masihara, namtaka yule ambaye mke wake ni mtu wa Mpanda. Akanyoosha kidole kwenye nyumba ya bati yenye baraza refu, haikuwa mbali hata kidogo. Nilikuwa nimeshaipita mara mbili.

Barazani alikaa mwanamume mnene mwenye kofia ya kiua, anashona wavu, pembeni yake redio imefunguliwa tumbo na betri zake zimeanikwa juani. Mlangoni alikaa mwanamke anapepeta mchele kwenye ungo, amejitanda kanga. Nikapiga hodi. Mwanamume akasema karibu, karibu sana, mama wa kwaya. Mwanamke akainua kichwa.

Mimi nina sura ya bibi mzaa baba. Wote husema hivyo, na sijui kama ni sifa. Yule mwanamke aliponiona, nadhani alimwona mkwe wake wa zamani amesimama mlangoni kwake. Ungo ulisimama mikononi mwake.

"Shikamoo mama," nikasema.

Neno hilo halikumshtua mtu, maana kila mwanamke wa rika lile ni mama. Lakini nililisema nikamtazama, na yeye akanitazama, na hapo nikaharibu. Nilianza kulia. Sikupanga kulia. Nilipanga kuwa na adabu, nikaribishwe, nipewe kiti, nitafute nafasi. Badala yake machozi yalitoka kama bomba lililopasuka, nimesimama katikati ya uwanja wa watu na sare yangu ya bluu.

Sasa kwetu huku, mtu akitoka mbali akafika kwako asubuhi analia kabla hajakaa, hiyo ina maana moja. Yule mwanamume akatupa wavu chini akasimama. "Kuna nini? Binti, unatokea wapi?"

"Mpanda," nikasema. "Kawajense."

"Kawajense kwa mke wangu! Kuna msiba? Nani? Nani amekufa?"

Mimi nilifungua mdomo niseme hakuna. Mama alinitangulia. Aliweka ungo chini polepole, mchele usimwagike, akasema bila kunitazama, "Ni mtoto wa dada yangu. Ameleta taarifa." Akajitanda kanga upya. "Dada amefariki. Mama yake."

Nilisimama pale nikasikia mama yangu anajiua.

"Innalillahi wa inna ilayhi rajiun!" Yule mwanamume akaja akanishika mikono yote miwili, na macho yake yalishajaa maji, mtu wa watu kweli. "Pole, mwanangu. Pole sana, mwanangu. Hapa umefika kwenu. Huyu ndiye mama yako mdogo, na mimi ni baba yako." Na mimi, kwa kuwa nimelelewa na bibi mwenye fimbo na pole ina jibu lake, nikamjibu, "Asante, nimeshapoa."

Kabla sijakaa alikuwa ameshatoka kwenda kwa jirani. Kutoka barazani nilimwona anapiga hodi nyumba ya kwanza, nyumba ya pili, na kila mlango anaotoka, kuna mwanamke anafuata nyuma anajifunga kanga. Nikaelewa kinachokuja. Nikamshika mama mkono nikamvuta uani, nyuma ya jiko.

"Mbona umefanya hivi?"

"Ungetaka niseme nini? Umekuja unalia." Sauti yake ilikuwa ya chini na ya haraka, na lafudhi ya kwetu haikuwa imemtoka hata kidogo. Hilo lilinitia uchungu kuliko yote. "Aliponiposa aliniuliza kama nina mtoto. Nikamwambia sina. Baba yako na bibi yako walishaniambia mtoto ni wa kwao, mimi sina mtoto pale. Basi nikasema walivyosema wao. Ukishasema sina, miaka yote hii, utaanzia wapi kusema unaye?"

"Niite basi mara moja. Hapa hakuna mtu."

Alifungua mdomo. Naapa alifungua mdomo. Akaingia mama jirani na ndoo ya maji kichwani, analia kabisa, "Jamani wifi yangu, jamani pole!", akaitua ndoo akatukumbatia wote wawili kwa pamoja, tukabanana hapo kama magunia. Nafasi yangu ilikuwa hiyo, na ilikwisha hivyo.

Kilichofuata ni msiba. Msiba kamili. Mikeka ilitandikwa sebuleni, wanawake wakajaa mpaka ukutani, wanaume wakakaa nje kwenye mabenchi yaliyobebwa kutoka kwenye banda la video. Sufuria kubwa ililetwa, mtu akaanza kuchagua maharage. Redio ilizimwa ingawa betri zake zilikuwa bado juani. Mimi nilikalishwa katikati, mfiwa, nikafunikwa kanga begani, na kila aliyeingia aliinama akanipa mkono. Pole, mwanangu. Nimeshapoa. Pole, mwanangu. Nimeshapoa. Karema yote iliniita mwanangu siku ile: mama wa migebuka aliyeniona sokoni, mzee wa baiskeli, hata kijana wa duka la sabuni ambaye nadhani nilikuwa namzidi umri. Mama yangu tu ndiye ambaye hakuniita. Alikaa kwenye mkeka wa pili, miguu ameinyoosha, uso ndani ya kanga.

Mapajani kwangu kalikuja kukaa kabinti ka nyumba ile, kenye kama miaka minane, kamesuka nywele, kakaniuliza kama mimi ni dada yake. Nikakajibu ndiyo. Lilikuwa jambo la kweli pekee nililolisema kwenye nyumba ile.

Nilijaribu kutoka. Nilisema nakwenda chooni. Wanawake wawili wakanisindikiza, mfiwa haachwi peke yake. Nilisema meli itaniacha. Wakaniambia nisiwe na wasiwasi, wamemtuma mtu awaambie wenzangu. Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Kwani kweli, haikupita muda nikasikia sauti ninazozijua, sauti ya kwanza, sauti ya pili, besi, zinakuja na njia ya mchanga, na kwaya nzima ikaingia uwanjani na sare, mama mlezi mbele. Nilidhani atanichapa kofi. Alinikumbatia akalia. "Kumbe ulikuwa umeitwa msibani, na hukutaka kutusumbua! Mtoto gani huyu!" Wakajipanga barazani kwa Mwislamu wa watu wakaimba nyimbo za marehemu, na yule baba mnene akaitikia amina kila waliposimama kupumua. Nikamtazama mwenzangu ninayesimama naye kwenye sauti ya pili, analia kwa ajili ya mama yangu, na mama yangu yuko hatua moja kutoka kwenye magoti yangu. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Nilikuwa na hasira. Nisiseme uongo. Nilimtazama amefunika uso, wanawake wanampapasa mgongo, nikasema moyoni, endelea kujificha, mama, umepata mahali pazuri. Nilifikiria kusimama niseme yote. Maneno yalikuwa tayari, mafupi tu: huyu hapa ndiye, hajafa. Nikatazama nje kupitia mlangoni nikamwona mume wake anamimina chai kwenye vikombe vya wageni, macho mekundu kwa huzuni ya shemeji ambaye hakuwahi kuwepo. Kabinti kalikuwa kamelala mapajani kwangu. Nikayameza.

Ndipo mama akaanza kulia kwa sauti. Mpaka wakati ule alikuwa kimya kama maji mtungini, na nadhani wanawake walishaanza kushangaa, maana dada wa marehemu anatakiwa alie. Alitoa kanga usoni, akashika kichwa kwa mikono miwili, akalia kilio cha kwetu, kile cha kumsemesha maiti.

"Dada yangu wee! Umemwacha mtoto wako!"

"Wee, pole jamani," wanawake wakaitikia.

"Ulimweka mgongoni kwa bibi yake, dada, ukasema naenda kisimani! Kisima gani hicho kisichorudisha mtu!"

"Jamani!"

"Hukumuaga, dada! Ungemuaga ungeshindwa kutoka! Walikuambia chukua nguo zako, mtoto mwache, na wewe ukachukua nguo! Ulitembea mpaka njia panda ukarudi, ukasimama nyuma ya nyumba ukamsikia analia, ukaondoka tena! Dada, moyo wako ulikuwa wa nini!"

Mama mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Kumbe marehemu naye aliachika?" Mwenzake akamwambia anyamaze.

"Kila lori la Mpanda likifika ulikuwa unakwenda kulitazama! Unatazama wanaoshuka, dada, unatazama watoto wa watu! Umekufa hujamwona amekuwa mkubwa! Umekufa hujui anaimba!"

Wanawake wote walikuwa wanalia sasa. Walikuwa wanamlilia marehemu, kila mmoja na marehemu wake. Mimi nilikaa wima nimekauka. Ile kwa nini yangu ndiyo hiyo, nimeletewa mbele ya mji mzima, na hakuna aliyeisikia isipokuwa mimi. Nilitaka kumwambia nimesikia. Nilitaka pia kumwambia haitoshi, kwa sababu haikutosha, kusimama nyuma ya nyumba ukasikia mtoto analia si kitu cha kumpa mtu aishi nacho. Sikuwa na namna ya kusema hata kimoja. Nilichoweza ni kulia na mimi, na nilipoanza, wanawake wakasema ahaa, afadhali, aitoe.

Jua lilikuwa limeshainama meli ilipopiga honi. Nikasimama haraka mpaka kabinti kakaamka. Nilidhani sasa nitapata dakika moja njiani. Nani akupe! Mfiwa anasindikizwa. Tulishuka ufukweni msafara mzima, kwaya mbele, wanawake nyuma, baba mnene amenibebea mfuko wa mchele na migebuka ya njiani, ananiambia nyumba ile ni yangu, mlango hauna kufuli kwangu, nikimaliza chuo nije kwake kwanza kabla ya kwingine. Alikuwa anamaanisha kila neno. Mama alitembea katikati ya wanawake wawili waliomshika mikono, na mimi katikati ya wengine wawili.

Wenzangu wakapanda boti. Mama mlezi akaniita. Wanawake wa Karema wakajipanga kuniaga, mmoja mmoja, mkono na pole, mkono na pole, na mimi nimeshapoa, nimeshapoa, maji yananifika kwenye vifundo vya miguu. Mama yangu alibaki wa mwisho, kama inavyotakiwa ndugu wa karibu.

Alisogea. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa na vumbi la mchele bado. Nilijua hatasema. Nilishaacha kutegemea. Walikuwepo watu wote, na mume wake yuko pale pembeni na mfuko wangu.

"Pole," alisema. Hakuuachia mkono wangu. "Pole sana, mwanangu."

Hakuna aliyeshtuka, kwani ndivyo watu wote walivyokuwa wamesema kutwa. Honi ikapigwa tena. Nilikuwa na jibu lake ulimini, nimelitumia siku nzima, nikalitafuta nikalikosa.

"Sijapoa, mama," nikasema.

Nikaanza kulia upya, na bibi mmoja aliyekuwa karibu akanishika bega, akanisukuma taratibu kuelekea kwenye boti. "Basi, usilie, mjukuu wangu," akaniambia. "Mama mdogo naye ni mama."